Stima ya Kurudi Kitale

Kazi hii nilipewa na mwanangu Ian kwa simu, Jumapili baada ya kanisa, tukiwa bado mezani. Ian yuko Doha, analinda ghala. Gari ni lake. Alilinunua kwa akiba ya miaka mitatu, gari dogo la stima lililokwisha kutumika Japani, na mke wake Dinah analiendesha kama teksi kati ya Kitale na Bungoma. Kaka mkubwa wa Ian, Sitati, ndiye anayesimamia mali ya familia, na Sitati alikuwa amepata mnunuzi kutoka Eldoret. Alitaka gari liuzwe Jumamosi iliyofuata, inunuliwe Probox ya petroli, na Probox hiyo apewe dereva mwingine. Sababu yake ilikuwa moja: gari la stima linashinda limefungwa kwenye waya wakati wenzake wanabeba watu.

"Baba apime," Ian alisema. "Wiki moja. Kila mahali pa kuchaji, bei yake na muda wake. Atakachosema Baba ndicho tutafanya."

Sitati alisema ni sawa. Dinah alikuwa jikoni na mke wangu Viola, na nilisikia sufuria zikinyamaza. Gari likiuzwa, Dinah angerudi kuuza mboga sokoni Matisi kama alivyokuwa akifanya kabla, na hakuna aliyehitaji kuelezwa hilo.

Sikushangaa kuchaguliwa. Nilisoma mita za stima miaka thelathini na moja. Niliingia katika kampuni nikifyeka nyasi chini ya nyaya, nikatoka nikiwa na mkoba, kalamu, na eneo langu lote kutoka Matisi hadi Kiminini. Kati ya panga na kalamu kuna miaka minne ya ngumbaru, darasa la jioni, nikiketi kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yakigonga ubao, hadi nikapata cheti nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Kwa hiyo uniti naijua. Wapo watu wenye digrii wanaonunua tokeni za shilingi mia tano na hawajui wamenunua nini.

Nianze na nyumbani. Pale Matisi tunalipa shilingi ishirini na nane kwa uniti. Betri ya gari hilo, kwa uzee wake, inashika uniti kumi na nane, na inajaa ikiunganishwa jioni hadi alfajiri. Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa, lakini ni ya usiku, na ni ya kujaza mara moja tu.

Jumatatu nilienda na Dinah kwenye kituo cha mafuta mjini Kitale chenye mashine ya kuchaji kwa haraka. Kijana wa pale anaitwa Kiptum. Alikuwa amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali.

"Hapa ni sitini kwa uniti, mzee," alisema. "Lakini dakika arobaini imejaa."

"Nyumbani nalipa ishirini na nane."

"Si urudi nyumbani basi, ulale mpaka ijae. Hapa watu wanalipia haraka yao."

"Kijana, mimi nimesoma mita kabla hujazaliwa. Haraka haina mita."

"Iko, bana. Ni hii." Akaigonga mashine kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe.

Nikaandika sitini.

Jambo moja nilieleze kabla sijaendelea. Kwetu Babukusu, baba mkwe na mkazamwana hawaketi bega kwa bega. Hatushikani mikono, na nyumba yake siingii ovyo. Ndani ya gari la viti vitano, mahali pangu ni nyuma ya Dinah kabisa, ambapo kichwa cha kiti chake kinaniziba. Siioni saa ya betri, inayoonyesha asilimia iliyobaki. Ninamwita Mama Ivy, kwa jina la mtoto wake, ninauliza, naye ananijibu, na mimi naandika. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi.

Jumanne tuliondoka Kitale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, betri ikiwa imejaa, na abiria watatu. Kushuka hadi Bungoma kupitia Webuye ni kama kilomita themanini na tatu.

"Mama Ivy, inasema ngapi?" niliuliza tulipopita Kiminini.

"Tisini na moja, Baba."

Webuye ilikuwa sitini na nne. Mama mmoja aliyepakata kikapu cha maparachichi alinitazama nikiandika.

"Kwani huyu mzee ni polisi?" alimuuliza Dinah.

"Hapana. Ni baba. Anapima stima."

"Si angekaa mbele aone mwenyewe?"

Dinah alikaza macho barabarani, nami kwenye daftari. Yule mama alimtazama Dinah, akanitazama mimi, kisha akasema, "Oh," polepole, na akaanza kupanga maparachichi yake upya.

Tulifika Bungoma ikiwa arobaini na saba. Kutoka mia hadi arobaini na saba ni hamsini na tatu. Hamsini na tatu kwa mia ya uniti kumi na nane ni uniti tisa na nusu. Nilipiga hesabu hiyo kichwani kabla Dinah hajazima gari.

Pale Bungoma kuna hoteli ndogo ya mwanamke anayeitwa Mukami, na kwenye ukuta wake kuna chaja inayotoa uniti tatu kwa saa. Bei ni arobaini na tano kwa uniti, na sheria ni kwamba anayechaji lazima anywe chai. Dinah huliacha gari hapo kwa saa mbili, akingoja abiria wa kurudi. Nilikunywa vikombe viwili.

Abiria wa kurudi walikuwa wanne. Kiti changu kilikuwa na thamani, na mimi si mtu wa kukalia pesa ya familia. Nilimwambia Dinah aende, mimi nitalala kwa dada yangu Kanduyi. Jioni nilimpigia.

"Umefika?"

"Nimefika salama, Baba."

Hilo tu ndilo nililouliza.

Jumatano aliposhuka tena, nilimwambia tupite Sirisia, kwa wazazi wake. Wana stima na wana soketi nje ya ukuta, na mkwe hauzii mkwe stima. Ilionekana kwangu kuwa ndiyo bei bora kuliko zote.

"Baba," Dinah alisema akiwa ametazama mbele, "kule twende siku ya sherehe tu."

"Stima ya bure haingoji sherehe," nilisema.

Kwa wakwe huendi mikono mitupu. Nilinunua sukari kilo nne, nyama kilo mbili, majani ya chai na mikate. Baba yake Dinah aliniona nikishuka na hapo hapo kuku akaanza kukimbizwa. Tulikaa. Tuliombewa. Tulikula. Mzee yule alitaka kujua habari za mvua ya Kitale, za mahindi, za Ian, kisha tena za mvua. Ilipofika saa kumi gari lilikuwa limepata uniti sita, nami kwenye daftari niliandika sifuri. Dinah alipata abiria wanne alipopitia Chwele, na kiti changu kikauzwa tena. Nikarudi kwa dada yangu.

Alhamisi niliketi kwa dada yangu nikaandika jedwali safi, kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Safari moja, uniti tisa na nusu. Kwenda na kurudi mara mbili kwa siku ni safari nne, uniti thelathini na nane. Kumi na nane za nyumbani usiku, ishirini za mashine ya haraka ya Kiptum mchana. Jumla, shilingi elfu moja na mia saba. Abiria wanne kwa shilingi mia nne, mara nne, ni elfu sita na mia nne. Kinachobaki ni elfu nne na mia saba. Probox ikifanya safari hizo hizo inakunywa lita ishirini na tano, na lita ni shilingi mia moja na themanini. Inabakisha elfu moja na mia tisa kabla ya oili na breki. Nilimpigia Sitati nikamsomea yote.

Nilisikia akiandika. "Baba, una hakika?"

"Nimesoma mita miaka thelathini na moja."

"Basi gari lisiuzwe. Lakini kama ni hivyo, Dinah amekuwa akituletea kidogo sana." Hesabu ni ile pesa ambayo dereva humpa mwenye gari kila jioni, na Dinah alikuwa akileta elfu moja. "Kuanzia Jumatatu alete hesabu ya elfu nne. Yeye atabaki na mia saba. Akishindwa siku tatu mfululizo, nachukua ufunguo."

Niliona ni haki. Hata nilifurahi. Sikujiuliza kwa nini mwanamke mwaminifu alikuwa akileta elfu moja kutoka kwa gari linaloweza kuleta nne.

Ijumaa asubuhi nilimkuta Dinah kwa Mukami akifuta kioo cha gari. Nilisimama mbali kidogo, upande wa pili wa boneti, nikampa habari njema.

"Gari haliuzwi," nilisema. "Jedwali limeliokoa."

"Asante, Baba."

"Kuanzia Jumatatu ni kwenda na kurudi mara mbili kwa siku, na hesabu ni elfu nne. Mia saba ni yako."

Kitambaa kilisimama juu ya kioo. "Elfu nne."

"Elfu nne."

"Sawa, Baba." Akaendelea kufuta mahali pale pale palipokwisha kung'aa.

Mukami alikuwa akimwaga maji ya vyombo mlangoni. Alinitazama. "Mzee, wewe ushawahi kupanda huu mlima na hii gari?"

"Barabara ni ile ile."

"Haya," alisema, na akarudi ndani.

Siku hiyo abiria walikuwa watatu. Wa nne hakutokea, nami nilitaka kuwa nyumbani kabla ya kikao cha familia cha Jumamosi, kwa hiyo nilipanda mimi. Kwa sababu yangu tuliondoka mapema kuliko desturi, betri ikiwa sabini na nane.

Dinah alizima kipoza hewa. Aliwaomba abiria wafunge madirisha. Alikuwa akienda mwendo wa hamsini, malori yakitupita. Nilidhani ni uchovu.

"Inasema ngapi?" niliuliza Webuye.

"Hamsini na nne, Baba."

Niliandika, kisha nikalinganisha na mstari wa Jumanne. Kutoka Webuye hadi Bungoma gari lilikuwa limekula kumi na saba. Kutoka Bungoma hadi Webuye lilikuwa limekula ishirini na nne. Nilidhani amesoma vibaya. Nikauliza tena baada ya kilomita chache, kisha tena. Arobaini na nane. Arobaini na moja. Niliinua macho kutoka kwenye daftari, nikaitazama barabara yenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu yote niliona kwamba inapanda. Nimeishi Kitale miaka hamsini. Tunasema tunashuka Bungoma, tunapanda Kitale, na maneno hayo nimeyatamka mara elfu bila kuyaingiza kwenye hesabu. Mita ninayoijua mimi imepigiliwa ukutani. Haijui mlima.

Kiminini ilikuwa kumi na moja.

"Kutoka hapa hadi Kitale inataka ngapi?" niliuliza.

"Kumi na saba, Baba."

Mmoja wa abiria alikwisha kufungua mlango kabla gari halijasimama. "Tumefika kwa Bethwel," alisema. "Wacha nitafute mahindi."

Bethwel ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake iko kando ya barabara, mageti yameegemea ukuta, na soketi iko karibu na mlango. Alikuwa amevaa miwani ya kazi kwenye paji la uso.

"Niaje Mama Ivy. Leo umekuja mapema. Bado nachoma geti ya watu."

"Nitangoja, Bethwel."

"Na huyu mzee ni nani?"

"Ni baba yake Ian."

"Sasa mzee." Alitaka kunipa mkono, akaona ulivyo mweusi, akanipa kiwiko.

Nilimuuliza bei. Ni shilingi mia moja kwa saa, na nusu saa ni saa. Soketi ile inatoa uniti mbili kwa saa. Nilipiga hesabu: hamsini kwa uniti ukikaa saa nzima, mia kwa uniti ukikaa nusu. Kisha Bethwel akashusha miwani na kuanza kuchoma, taa za karakana zikafifia, na chaja ya gari ikajizima. Dinah hakushtuka. Aliinama akaiwasha upya. Ikajizima tena.

"Hapa unasimama mara ngapi?" nilimuuliza.

"Kila siku, Baba."

"Tangu lini?"

"Februari."

"Na abiria wanangoja?"

"Wanangoja nusu saa. Ndiyo maana kupanda nawalipisha mia tatu na hamsini, si mia nne. Kwa kawaida nafika saa saba, Bethwel akiwa anakula. Akila hachomi."

"Na hukuniambia."

Alikuwa akitazama waya. "Baba alikuwa anapima. Mimi ndiye nitamwambia Baba kwamba anapima vibaya?"

Bethwel aliacha kuchoma. Sijui alisikia au alimaliza tu mshono wake. Alisema, "Nakula mapema leo, Mama Ivy. Chaji," akaenda kunawa.

Nilikaa kwenye kigoda chake nikiwaza. Jumatatu Dinah angeanza kutafuta elfu nne ambazo hazipo, kwa jedwali lenye jina langu. Safari ya pili ingemfikisha Kitale saa tatu usiku, kama angefika. Alhamisi Sitati angechukua ufunguo, na angekuwa na haki. Nilifikiria pia kusema kwamba betri imeharibika wiki hii. Betri haina mdomo. Lakini betri ikisemwa ni mbovu, gari linauzwa kesho yake, tena kwa bei ya kutupa. Hapakuwa na njia iliyoacha jina langu mahali lilipokuwa.

Tuliporudi ndani ya gari nilifungua ukurasa mpya.

"Mama Ivy," nilisema kwa kichwa cha kiti chake. "Nieleze yote ambayo sikuuliza."

Hakuwahi kuzungumza nami hivyo. Kutoka Kiminini hadi Kitale ni kama kilomita kumi na saba, naye alizungumza zote, macho yake barabarani na yangu kwenye daftari. Aliniambia kupanda kunakula uniti kumi na tano. Aliniambia saa mbili kwa Mukami ni lazima, lakini si hasara, kwa sababu hata asingechaji angengoja abiria. Aliniambia mashine ya Kiptum anaitumia siku ya dharura tu, kwa sababu betri nzee ikijazwa haraka kila siku inazidi kuzeeka, na tangu Februari imekwisha kupungua alama moja ya uwezo wake. Aliniambia mvua inakula uniti moja zaidi. Abiria walikuwa wakimsikiliza kama habari za redio.

Jumamosi saa nane tulikaa sebuleni kwangu: mimi, Sitati, Viola, na Ian kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Dinah alikuwa jikoni. Sitati alikuwa na nakala ya jedwali langu, amelipiga chapa.

"Baba, soma tuanze," alisema.

"Hilo liweke chini," nilisema. "Ni la kushuka tu. Nilipima kushuka, nikazidisha kwa nne. Kupanda sikupima. Nilikosea."

Kwenye simu nilisikia feni ya chumba cha Ian.

"Kwa hiyo elfu nne hakuna," Sitati alisema.

"Hakuna."

"Na safari mbili hakuna."

"Hakuna."

"Basi tuuze, Baba. Si nilisema? Mnunuzi anangoja simu yangu."

"Sijamaliza. Anayejua gari hilo yuko jikoni." Nikainua sauti. "Mama Ivy, njoo."

Alikuja akasimama mlangoni, mikono bado ina unga. Sitati aligeuza kiti. Si desturi yetu mkazamwana kusimama mbele ya kikao cha mali, naye alijua hivyo, kwa hiyo alianza kwa sauti ndogo. Lakini alipofika kwenye namba sauti ilipanda. Safari moja kwenda na kurudi. Kushuka elfu moja na mia sita, kupanda elfu moja na mia nne. Stima ya nyumbani mia tano na nne, ya Mukami mia mbili na sabini, ya Bethwel mia moja. Inabaki elfu mbili na mia moja na kitu.

"Na ile ya Sirisia?" Sitati alikuwa akitazama jedwali. "Baba ameandika sifuri. Si mngechaji huko?"

Viola aliweka kikombe chini. "Sifuri? Sukari kilo nne, nyama kilo mbili, mikate, na kuku wa watu. Na siku nzima. Hiyo stima ya bure ndiyo ghali kuliko zote. Huyu alirudi kwa dada yake ameshiba, akaandika sifuri."

Ian alianza kucheka huko Doha, na Sitati akashindwa kujizuia. Mimi pia nilicheka, baadaye kidogo kuliko wao.

"Sawa," Sitati alisema. "Elfu mbili na mia moja. Probox inafanya safari mbili."

"Na inabakisha elfu moja na mia tisa," nilisema. "Hiyo hesabu haikukosewa, maana petroli nimekadiria kupanda na kushuka pamoja, kama madereva wote. Ni safari mbili, lita ishirini na tano, dereva amechoka, na bado hujanunua oili. Gari hili kwa safari moja linaishinda kwa mia mbili."

Sitati alichukua kalamu yangu akapiga hesabu mwenyewe pembeni mwa jedwali. Namjua, haamini hadi aone mkono wake. Alirudia mara mbili.

"Na betri ikizeeka?" alimuuliza Dinah, safari hii akimtazama.

"Inazeeka, kaka. Sikatai. Ndiyo maana nasema tusiongeze safari ya pili. Kwa mwendo huu itadumu. Mkiikimbiza, hata mwaka haitamaliza."

"Unaweza kuleta ngapi kwa siku? Sema ile unaweza. Usiseme ya kunifurahisha."

"Elfu moja na mia mbili. Siku ya mvua elfu moja."

Ian alisema kutoka kwenye simu, "Kaka, mimi nimeridhika."

Sitati aliinuka akaenda uani kumpigia mnunuzi wa Eldoret. Tulimsikia akimwambia aulize tena Desemba, shule zikifungwa, wakati tutakapoitazama betri upya. Dinah alibaki mlangoni hadi simu ilipokwisha, kisha akarudi kwenye unga wake.

Jumatatu nilienda Kiminini na mita ndogo niliyonunua Kitale kwa shilingi elfu moja na mia tano, pesa yangu ya uzeeni. Nilimwambia Bethwel azime swichi kubwa, nikaifunga kwenye waya wa soketi yake ya mlangoni. Mikono yangu bado inakumbuka.

"Mzee, unaniharibia biashara," alisema. "Mimi nauza saa."

"Unauza stima. Ukiuza saa, mwenye gari akijua hesabu hatarudi. Ukiuza uniti watakuja na wengine."

"Bei?"

"Wewe unanunua ishirini na nane. Uza arobaini."

"Arobaini na tano, kama Mukami."

"Mukami ananipa chai."

Alifikiria hilo huku akikwaruza kutu kwenye bawaba. "Haya, arobaini. Lakini saa ya kuchoma sisimami."

"Atakuja saa saba."

Dinah alikuja saa saba na dakika tano, abiria wanne ndani. Bethwel alikuwa ameketi na sahani ya githeri. Dinah aliunganisha waya, akaiona mita mpya, akanitazama kidogo, kisha akatazama kando kama inavyopasa. Abiria walitawanyika kwenda kwa mahindi. Nilisimama mbele ya mita muda wote huo, mikono nyuma, nikiiangalia ikipepesa. Zamani nilikuwa na nyumba mia nne za kupita kwa wiki, na hakuna mita niliyoipa nusu saa.

"Imesema ngapi, Baba?" Dinah aliuliza.

"Moja kasoro kidogo. Sifuri nukta tisa tano. Shilingi thelathini na nane."

Alimlipa Bethwel arobaini, akamwachia mbili. Aliwaita abiria. Nilihesabu viti: wanne nyuma na mbele, pamoja na yeye watano.

"Baba utarudi vipi?"

"Nitapata gari. Nenda, usichelewe. Kumi na saba, siyo?"

"Kumi na saba, Baba. Iko kumi na tisa."

Nikaandika kumi na tisa.